Busha Nililolifungia Saumu

Juzi nilikuwa Mawaleh, soko la matunda, nachagua ndizi. Nikamwona kijana mmoja mpakiaji mizigo, Kiswahili chake cha bara, anatembea miguu imeachana, na kila baada ya hatua mbili tatu mkono unakwenda kushusha shati. Nikayajua maradhi yake papo hapo. Nilitaka kumwendea nimwambie, "Mwanangu, hilo linakatwa, nenda spitali, usichelewe." Sikwenda. Nililipa ndizi zangu nikarudi garini uso unaniwaka, mtu mzima mimi, mjukuu wangu mkubwa anasoma chuo kikuu pale Khoudh. Haya yangu ni ile ile ya zamani. Nikasema basi, mdomo ukigoma na uandike mkono.

Nilikuwa na busha. Haya, nishaliandika jina lake, na sijafa.

Tulifika Maskati mwaka wa sitini na nne, mimi na mama yangu, Bi Zeyana, mambo ya Unguja yalipoharibika. Hayo wameyaeleza wengine, mimi sina nguvu nayo. Baba alikuwa keshakufa siku nyingi. Aliyetupokea ni Ami Khalfan, ndugu yake baba, aliyerudi kutoka Pemba nilipokuwa mtoto na kufungua duka la viungo Matrah. Alitupa chumba juu ya duka, mkeka, na taa. Mama aliingia akatizama kuta, akatizama majabali nje ya dirisha, akauliza, "Hemedi, na mvua huku hunyesha lini?" Alikaa juu ya sanduku letu mpaka alasiri, hataki kulifungua.

Maskati ya siku hizo siyo hii ya Qurum na magari. Jua likizama milango ya mji inafungwa, na ukitaka kutembea baada ya hapo uchukue kandili. Kila kitu kilitaka ruhusa. Baskeli nayo ilitaka ruhusa, na Ami aliihangaikia majira mazima, maana nilikuwa nimepata kazi kwa ajili ya Kiingereza changu cha skuli: kampuni moja ya biashara ilikuwa na ofisi Maskati ndani ya ukuta na bohari Matrah, na mimi nipeleke karatasi huku na huku kwa baskeli. Njia ilipanda jabali, ikateremka, mawe na vumbi. Nilifurahi, wallahi. Unguja nilikuwa mtu wa baskeli. Mashindano ya sikukuu nilikuwa nikiwaacha wenzangu nyuma wanakula vumbi langu, wakaniita Tiara. Niliona kwamba nikiwa juu ya kiti cha baskeli, hata nchi iwe ngeni vipi, mimi nitakuwa mimi.

Na kulikuwa na Raya.

Raya ni binti yake Ami. Alikuja Omani mdogo, Kiswahili chake cha Kipemba kama cha mama yake, Bi Shinuna. Nilimwona uso mara moja tu, wiki ya kwanza, alipoleta kahawa kabla hawajamwita ndani. Baada ya hapo nilikuwa namsikia tu. Alasiri nikirudi kazini nilipiga kengele ya baskeli chini ya dirisha lao, na juu mtu anajibu kwa kugonga kijiko kwenye kikombe. Hatukusemezana zaidi ya hapo. Siku za baridi ya mwaka uliofuata Ami aliniita dukani, akafunga mlango mmoja, akasema, "Mwana wa ndugu yangu, Raya ni wako. Sitaki mahari ya watu. Nataka umtulize." Nilimbusu kichwa. Nilitoka pale nikaenda nyuma ya magunia ya karafuu nikalia kwa furaha, na hapo hapo furaha ikanitumbukia nyongo, maana nilikumbuka nilichonacho chini ya kanzu.

Lilianza Unguja, mwaka wetu wa mwisho, dogo, saizi ya yai la kuku, haliumi. Kwetu kila mtu alijua busha linatoka wapi: madafu. Ukinywa madafu mengi, maji yanateremka, hayana pa kutokea, yanakaa huko. Ndivyo tulivyolelewa. Na mimi nilikuwa mnywaji hodari, khasa baada ya mashindano. Basi nilipofika Matrah nikaona hakuna mnazi hata wa dawa, jua na mawe tu, nilishukuru. Nikajiambia, hapa litakauka lenyewe.

Halikukauka. Joto la kwanza lilipoisha lilikuwa chungwa, na la pili likawa chungwa na nusu. Nikakaa nikafikiri, mpumbavu mimi, nikaona nimegundua jambo: siyo madafu peke yake, ni maji yote! Ukinywa maji, yanateremka. Dawa ni kutokunywa.

Msicheke. Au chekeni, nna haki gani ya kuwakataza.

Nikaacha maji. Asubuhi funda moja, magharibi kikombe, basi. Fikiria mtu anapanda jabali kwa baskeli, joto la Maskati, mdomo umemkauka ulimi unagandana na ufizi. Na kukaa siwezi. Kile kiti cha baskeli nilichokuwa nakipenda kiligeuka adui. Nilikuwa napanda nimesimama juu ya pedeli toka Matrah mpaka lango la Maskati, kanzu nimeipindua kidogo, ndani nimejifunga msuli wa kale, ile shuka ya kiunoni, nikaukaza mpaka unakata nyama. Askari wa langoni walinizoea. "Karibu Zinjibari asiyeketi!" Walidhani ni madaha. Watoto wa Matrah nao walikuwa wanasimama juu ya mawe wakinifuata kwa kelele, "Haketi! Haketi!" Nilikuwa nacheka nao. Nikishafika bohari nilikuwa nashuka nyuma ya ukuta, naegemea, machozi yananitoka kwa maumivu ya ule msuli.

Mwili ukaanza kubadilika. Mashavu yaliingia, midomo ikapasuka, mkojo ukawa rangi ya chai ya rangi. Mapaja yalichubuka. Kusujudu kukawa kazi. Nilikuwa najitafutia pembe ya mwisho msikitini, karibu na nguzo, nisiwe na mtu ubavuni. Kulala nalala ubavu mmoja, mto katikati ya miguu, mama yuko upande wa pili wa pazia. Alikuwa ananisikia nikigeuka. "Una nini, mwanangu?" "Joto, mama." Nguo zangu za ndani nilianza kuzifua mwenyewe. Mama aliona vibaya sana jambo hilo. "Mimi bado hai," alisema, "na mwanangu anafua! Watu watasema nini?" Tukawa hatusemezani vizuri. Watu wawili katika chumba kimoja, nchi ya watu, na baina yetu pazia na busha.

Haya yangekuwa maradhi yangu peke yangu kama si ile kahawa ya Ami.

Kila asubuhi watu walikuwa wakikaa barazani kwake wanakunywa kahawa na tende. Mimi nakatisha na baskeli, wananiita, nakataa kikombe. Siku moja Ami aliniuliza mbele za watu, "Umefunga, Hemedi?" Nilinyamaza. Nikainamisha kichwa. Kunyamaza kwangu kukawa saumu. Ami akawatizama wenzake, macho yanang'aa. "Mnamwona? Kijana, kazi ya jua, na anafunga." Tangu siku hiyo nikawa mtu wa Mungu. Habari zikaenea Matrah kwamba yule mpanda baskeli wa Zinjibar anafunga Jumatatu na Alkhamisi, kisha ikawa anafunga siku moja na kula siku moja, kisha ikawa anafunga mwaka mzima. Wazee wakawa wananipisha mlangoni. Mzee mmoja alinijia na chupa ya maji, mjukuu wake ana homa, anataka nimsomee. Nikasoma Alhamdu juu ya yale maji, mimi, mwenye kiu ya kufa, nayatizama yanavyocheza ndani ya chupa, nimeyatamani kuliko nilivyomwombea mtoto. Astaghfirullah. Hilo bado linanichoma.

Na harusi je? Ami alitaka tufunge ndoa baada ya msimu wa tende. Nilisema, "Ami, nipe muda, sijatulia kazini." Akakubali. Ilipofika baridi nikasema mama hajisikii vizuri. Mama aliposikia alinitizama mpaka nikatoka nje. Mara ya tatu sikuwa na sababu, nilisema tu, "Bado." Nilikuwa nimesikia tangu utotoni kwamba mwenye busha si mume, hazai, mwanamke wake anachekwa kisimani. Nilimpenda Raya kwa kusikia kijiko, na niliona bora nimpoteze hivi hivi kuliko anione usiku wa harusi aguse mdomo kwa mshangao. Bi Shinuna akaacha kunitumia chakula. Akamwuliza mama waziwazi, "Bi Zeyana, mwanao ana mke kamwacha Unguja? Tuambie tujue." Na alasiri moja nikapiga kengele chini ya dirisha, kimya. Nikapiga tena. Nikaivuta baskeli nikaenda zangu.

Nilianguka msimu wa joto uliofuata, wakati ule upepo wa moto unaotoka bara unapovuma hata mbuzi wanatafuta kivuli cha ukuta. Nilikuwa nateremka jabali kurudi Matrah. Nakumbuka niliacha kutoka jasho, nikafurahi, nikadhani joto limepungua. Kisha njia ikawa nyeupe. Watu waliokuwa wakipita na punda ndio walionipandisha, wakanifikisha spitali ya Wazungu pale Matrah, na mmoja akakimbia dukani kwa Ami.

Nilipopata fahamu nilikuwa ukumbini, chini, juu ya turubai, wananimwagia maji. Kanzu wameivua. Msuli wameukata kwa mkasi. Nimefunikwa shuka moja iliyorowa, na shuka iliyorowa haifichi kitu. Miguuni pangu kasimama Ami Khalfan na kilemba chake, pembeni wagonjwa na jamaa zao wamejipanga kwenye mabenchi, wanaume wenye macho mabovu, wanawake na watoto wao, wote wananitizama. Natamani ningekufa kabla ya kufumbua macho. Nimeyaona makubwa kabla na baada, lakini ukumbi ule ndio ninaouota.

Daktari alichuchumaa. Aliuliza kwa Kiarabu chake cha kuvunjavunja kama nilikuwa nimefunga. Ami akajibu kabla yangu, kwa fahari, "Anafunga daima, daktari. Daima!" Daktari akanigeukia akaniuliza kwa Kiingereza, taratibu, kwa nini mtu wa kazi ya jua afunge daima. Sijui nini kilinishika. Pengine kwa kuwa Ami hajui Kiingereza niliona siri itabaki baina yetu. Nikamweleza yote. Madafu, maji, yanavyoteremka. Daktari hakucheka, Mungu amjazie. Alisema maji unayokunywa hayendi huko, na wala madafu hayana khatia.

"Anasema nini?" Ami aliuliza.

Nikafumba macho.

"Hemedi. Anasema nini?"

Ikabidi nimtafsirie. Ulimi mzito, neno kwa neno, kwa Kiswahili, nikiomba Mungu pasiwe na mwengine anayekijua katika ukumbi ule. "Anasema, Ami, kwamba mimi sikuwa nafunga. Nilikuwa sinywi maji ili hili lipungue. Na anasema nilikuwa mjinga."

Ami alivua kilemba, akajifuta uso nacho, akakivaa tena upande. "Miaka miwili," alisema, "mimi nawasimulia watu saumu yako. Miaka miwili! Nimempa mtu mwanangu kwa saumu ya busha?"

Nilidhani anaondoka. Kweli aliondoka. Nikageukia ukuta. Baada ya kitambo alirudi na jagi la maji na kikombe, akakaa chini, kanzu yake nyeupe katika yale matope, akanishika kisogo. "Kunywa. Mbele yangu. Kunywa tena. Babu yako alikuwa nalo hilo, Hemedi, kubwa kuliko hilo lako, na katuzaa sisi sote tisa. Nusu ya wazee wa Wete walikuwa nalo na wake juu! Kitu gani ulichokuwa unakificha, yakhe?" Nilikunywa na kulia pamoja, nikapaliwa.

Daktari alitaka kukata. Nilikataa. Nilidhani atakata na mengine. Basi walinitoa maji kwa sindano, beseni zima, na nikatoka pale mwepesi nimekuwa kijana tena. Wiki ile niliketi juu ya kiti cha baskeli! Niliketi makusudi mbele ya askari wa lango, nikawapungia mkono. Nikamwambia Ami tufunge harusi baridi ikianza. Nilimwapisha jambo moja: asimwambie mtu yeyote, hata Bi Shinuna. Hakupenda, lakini akaapa.

Baridi ilipoanza busha lilikuwa limerudi. Daktari alikuwa ameshaniambia litarudi. Nikasema tena, "Bado." Safari hii Ami alijua kwa nini, na hakuweza kusema, na nyumbani kwake kila mtu akawa anamtizama yeye. Siku za tende Bi Shinuna alimchukua Raya wakenda mashambani kwa jamaa zao, wakakaa huko msimu mzima. Sikuuliza walikwenda kufanya nini. Kwenda kwenye tende ni jambo la kawaida huku, kila mtu huenda.

Aliyenipeleka kukatwa ni mama. Siku moja alivuta pazia nimekaa nimejifungua, akaona. Sikuwahi hata kujifunika. Hakupiga kelele. Alikaa kitako pembeni yangu, akasema, "Mimi ndiye niliyekuwa nakuosha huko, unanionea haya mimi?" Kisha akakasirika, akanipiga kofi la bega, kofi hasa. "Kesho! Na hukwenda mimi nakwenda kumwita huyo Mzungu aje hapa hapa dukani mbele za watu!" Mama yangu alikuwa hatanii.

Kukaa kungojea kulikuwa kubaya kuliko kisu. Walikuwa wakikuita kwa jina na ubini wako, na kijana wa mlangoni alikuwa na sauti ya mnada. Mimi na mama tulikaa benchi la mwisho asubuhi kadhaa kabla ya zamu yetu, na kila anayeingia nilimfikiria ananijua. Wengi walinijua kweli. Yule mzee wa ile chupa ya maji, mtu wa kahawa ya Ami, alipita na jicho lake limefungwa bandeji, akasimama. "Unaumwa, sheikh?" Bado alikuwa ananiita sheikh. Nikasema, "Tumbo." Mama aliguna.

Walinichoma sindano ya mgongo, miguu ikafa, mimi macho, wao wanakata. Sikusikia kitu ila mikasi. Nilikuwa nasoma kila ninachokijua na kukikosea. Baada yake ni siku za kulala chali, uzi unavuta, uvimbe ambao siku za mwanzo ulikuwa mkubwa kuliko busha lenyewe, nikadhani wameniua. Wewe unayekuja kukatwa, nakwambia mapema: huo uvimbe unaondoka, usipagawe. Na kikohozi, kicheko, kupiga chafya, vyote ni adhabu. Kwenye kitanda cha jirani alikuwapo Mbulushi mmoja mvuvi aliyevunjika paja, mtu wa masihara, na kila akisema neno mimi nashika mshono namwomba, "Nyamaza, utaniua!" Naye anazidi. Yule mtu nilimpenda sana. Mama alikuwa anapika uani pamoja na jamaa za wagonjwa wengine. Alikuja Matrah hajui mtu, akatoka spitali ana mashoga wa Kibulushi na Kiarabu wanaomfundisha kupika papa mkavu. Alicheka mle uani. Nilikuwa sijamsikia akicheka tangu tuhame.

Nilipoweza kutembea nilimwendea Ami. Nikasema, "Niko tayari sasa. Kweli."

Hakunitizama. Alikuwa anapima pilipili manga. "Raya kasema haolewi."

"Na nani?"

"Na wewe. Kasema mtu aliyemkataa mara nne hamtaki hata akiwa mwana wa ami. Mimi simlazimishi mwanangu." Akamwaga pilipili kwenye mfuko. "Umeniapisha nimenyamaza. Sasa ukitaka, nenda useme mwenyewe. Mimi sisemi tena kwa niaba yako."

Nilikwenda siku ile ile, kwa miguu, maana baskeli nilikuwa bado nimekatazwa. Bi Shinuna alinikalisha ukumbini, uso umefungwa, hata kahawa hakuleta. Mlango wa chumba cha ndani uliachwa wazi kiasi cha mkono, na nikajua Raya amekaa nyuma yake. Nilikuwa nimejitungia maneno mazuri njia nzima. Yote yakapotea. Nikasema tu, natizama mkeka, "Nilikuwa na busha. Nimelificha tangu nimekuja. Nimekatwa, nimepona, daktari kasema sina kasoro. Sikukataa mtu mimi. Nilikuwa naona haya."

Nilisikia watu wa sokoni nje wananadi samaki. Bi Shinuna kafumbata mkono mdomoni.

"Hilo tu?" Raya alisema nyuma ya mlango. Ndiyo mara ya kwanza kuisikia sauti yake ikinisemesha mimi.

"Hilo tu."

"Hukuwa na ila na mimi?"

"Na wewe? Ila gani? Haki ya Mungu, wewe..."

"Ama!" Bi Shinuna alipasua kilio, ameshika kichwa. "Ama, mwanangu! Mwanangu!"

Sikufahamu. Nilidhani analia kwa aibu ya neno busha kutajwa nyumbani kwake. Kisha katika ile nafasi ya mlango ukatoka mkono. Mwanamke wa nyumba ile, ambaye hata kivuli chake sikupewa kukiona, alitoa mkono mtupu mpaka kiwiko, kaukunja mkono wa nguo. Ndani ya mkono, pale kiganja kinapoanzia, mistari miwili, na juu yake mmoja tena, imevimba, myekundu bado.

"Tizama," alisema.

Nikatizama. Ni chuma cha moto. Huku wanaita wasm. Mtu akiwa na maradhi yasiyojulikana, au jicho la watu, au shetani, wanampeleka kwa mwenye kujua, anakitia chuma kwenye makaa na kumchoma panapostahiki.

"Na kisogoni mmoja," alisema. "Walisema nna kitu kinachofukuza mume. Walisema posa haikwami kwa mtu mzima wa afya mara nne bila ya sababu. Nikawashikia mkono mwenyewe, Hemedi. Sikufungwa. Mimi mwenyewe niliamini nna kitu. Kila siku nilikuwa najitizama kwenye kioo natafuta ni nini."

Nimeyasikia maneno mengi ya kuumiza maishani, ya watu walionichukia. Hayo aliyasema bila ya chuki yoyote, na ndiyo yaliyonivunja. Niliona yote kwa pamoja: yeye shambani msimu wa tende, kijiko hakigongwi, makaa yamewashwa, na mimi Matrah juu ya baskeli najihurumia, nadhani maradhi ni yangu peke yangu na haya ni yangu peke yangu. Nilianguka kifudifudi pale kwenye mkeka, mshono ukavuta nikapiga ukelele, na sikusimama.

"Usilie hapo," alisema Raya. "Mama analia, wewe unalia, nani atapika?"

Mkono ukarudi ndani. Mlango haukufungwa.

Hakuniambia ndiyo siku ile. Aliningojesha mimi sasa, joto zima na tende zake, na sikuthubutu kunung'unika. Nilianza kupanda baskeli tena, nimeketi kama watu, nakunywa maji kila nikifika lango. Barazani kwa Ami nilimwambia yule mzee wa jicho habari yote ya saumu yangu, mbele za wenzake. Alicheka mpaka kahawa ikamtoka puani, kisha akasema mjukuu wake hata hivyo alipona. Baridi ilipokuja Raya akasema ndiyo. Tulioana mwaka mmoja kabla ya nchi kugeuka, Sultani mpya kuingia na milango ya mji kuachwa wazi.

Tumezaa sita. Kwa hiyo wewe unayejificha, kijana wa Mawaleh au mwengine yeyote, unayejifunga kitambaa na kujidanganya, nenda ukaonyeshe. Umwambie mama yako, mke wako, mchumba wako. Usidhani ukificha umelibeba mwenyewe.

Alama zile za mkononi mwa Raya hazikufutika. Zimekuwa nyeupe, laini, na mwenyewe hazifichi. Hajapata kuvaa bangili juu yake. Watoto wetu walipokuwa wadogo, na sasa wajukuu, kila mmoja akifika umri wa kuulizauliza humshika mkono bibi yake, anapitisha kidole juu ya ile mistari, anauliza hii ni nini. Mimi huwa nipo, nasubiri, mara zote uso unaniwaka. Naye hujibu bila kuacha anachofanya.

"Hayo," husema, "ni maradhi ya babu yenu."